Poti ya Shilingi 9,000 kutoka Majengo: Miezi Tisa ya Kumzoesha Mtoto Mapema

Poti ninayoieleza hapa niliinunua mwezi wa Februari katika duka moja la vyombo vya plastiki kandokando ya Soko la Majengo, jijini Dodoma. Muuzaji alianzia shilingi 12,000, tukapatana kwa 9,000. Haina jina la kiwanda wala kibandiko cha nchi ilikotoka; ni plastiki ngumu ya rangi ya bluu iliyoundwa kwa sehemu mbili, yaani kiti cha nje chenye mgongo mfupi wa kuegemea na bakuli la ndani linalochomolewa kwa mshikio mmoja ulioko nyuma. Mwanangu wa kiume alikuwa na umri wa miezi kumi tulipoanza, sasa ana miezi 19, na katika kipindi hicho chote poti hii haikupumzika isipokuwa siku kumi ambazo nitazieleza mbele. Nimeona niitolee tathmini kwa sababu wazazi wenzangu hapa Ipagala wananiuliza mara kwa mara kama ni kweli mtoto huyu mchana havai pampasi, na wengine wanadhani siri iko kwenye poti yenyewe. Poti ina sehemu yake katika siri hiyo, lakini ni sehemu ndogo.

Hii haikuwa poti yetu ya kwanza. Shangazi yake aliyeko Dar es Salaam alikuwa amemtumia ile ya kisasa yenye umbo la gari, usukani mbele, na kifaa cha betri kinachopiga muziki pindi kikihisi majimaji ndani ya bakuli. Bei ilikuwa bado imebandikwa kwenye boksi: 65,000. Kwa siku tatu mtoto aliupenda sana ule muziki, na siku ya nne akagundua jambo ambalo aliyeitengeneza hakulifikiria, kwamba kifaa kile hakitofautishi mkojo na kimiminika kingine chochote. Nilimkuta amejishikiza kwenye usukani kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeinamisha kikombe cha uji wa lishe juu ya bakuli, uji unachuruzika taratibu, muziki unalia, naye ananesa magoti kwa furaha. Uji ulipofika kwenye betri, gari likaanza kuimba lenyewe saa nane usiku, ikabidi baba yake aamke kutafuta bisibisi. Sina kinyongo na zawadi ya wifi yangu, lakini poti inayomfanya mtoto acheze imeshindwa kazi yake ya kwanza, ambayo ni kumfanya atulie dakika mbili tatu na kusikia mwili wake unataka nini.

Wazo la kuanza na mtoto wa miezi kumi halikuwa langu. Mama mkwe alikuja kutoka Kibaigwa kukaa nasi kipindi cha mvua, na siku ya pili tu asubuhi aliketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akanyoosha miguu mbele, akamkalisha mtoto juu ya vifundo vya miguu yake huku mapaja ya mtoto yakiwa yamepandishwa na mgongo wake umeegemea miundi ya bibi, kisha akaanza kupiga mluzi mdogo wa meno: sss, sss, sss. “Haya mume wangu, kojoa twende zetu,” alimwambia, maana bibi na mjukuu wa kiume ni watani na mimi katika utani huo nimekuwa mke mwenza. Haikupita dakika, mkojo ukatoka. Nilidhani ni bahati. Akarudia baada ya uji, akarudia mtoto alipoamka usingizini, na mara zote tatu alipata. Nilipomuuliza amejuaje wakati, alinitazama kama mtu aliyeulizwa amejuaje kuwa mvua inakuja. “Mtoto anasema, mama. Anakunja shingo, ananyamaza, anakodoa macho mahali pamoja. Nyinyi mmemfunga plastiki, hamwezi kumsikia.”

Maneno hayo yaliniuma kidogo, na pia yalinipeleka kusoma. Mwaka 1977 jarida la tiba ya watoto la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marten deVries na Rachel deVries kuhusu Wadigo wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambao mama zao huanza kumzoesha mtoto katika wiki za mwanzo kabisa za maisha yake, kwa mkao unaofanana sana na ule wa mama mkwe wangu na kwa sauti kama ile, na hutarajia mtoto awe mkavu kwa kiasi kikubwa akiwa na miezi mitano au sita. Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 1962, daktari T. Berry Brazelton wa Marekani alikuwa amewashauri wazazi wasubiri hadi mtoto akaribie miezi 18 na aoneshe mwenyewe dalili za utayari. Katika watoto 1,170 aliowafuatilia, wastani wa kuacha nepi mchana ulikuwa miezi 28 na ushei. Watu huziweka taarifa hizi mbili ulingoni zipigane, na mimi pia nilifanya hivyo kwa muda, mpaka nilipotambua kwamba zinapima vitu viwili tofauti. Brazelton alikuwa akiuliza ni lini mtoto ataweza kwenda mwenyewe, kushusha nguo mwenyewe na kurudi mwenyewe, ilhali mama wa Kidigo haulizi hilo hata kidogo: anachojua ni kwamba mtoto na mlezi wakizoeana, mmoja hutoa ishara na mwingine huitikia. Kwa hiyo ukianza mapema, anayefundishwa kwanza ni wewe mzazi. Mtoto wa miezi kumi hana uwezo wa kubana mkojo kwa hiari kwa muda mrefu, lakini ana uwezo mkubwa wa kujenga mazoea, na poti nzuri kwa umri huo ni ile inayosaidia mazoea hayo bila kuleta mambo mengine.

Baada ya mama mkwe kurudi Kibaigwa ndipo nilipokwenda Majengo, kwa kuwa miguu yangu haikuweza kustahimili mkao ule kila saa na dada anayetusaidia nyumbani alisema waziwazi kwamba yeye hataki kurushiwa mkojo kwenye sketi. Nilitafuta kitu cha kushika nafasi ya miguu ya bibi, na kwa kipimo hicho poti hii imefanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Kiti chake ni kifupi, hivyo nyayo za mtoto zinagusa chini kabisa na magoti yake yanapanda juu ya nyonga. Jambo hili halionekani kubwa dukani, lakini ndilo la kuangaliwa kabla ya rangi, kwa sababu mkao wa kuchuchumaa hunyoosha njia ya haja kubwa na kumwezesha mtoto kusukuma bila kujikaza, wakati poti ndefu yenye miguu inayoning’inia humwacha bila pa kukanyagia. Mdomo wa kiti ni mpana, umeviringishwa, hauna ukingo mkali, na mtoto mwenye mapaja mazito hatoki hapo akiwa na alama nyekundu ya duara matakoni kama ilivyokuwa kwenye lile gari la muziki.

Kinga ya mbele, ile pua inayoinuka kuzuia mkojo wa mtoto wa kiume usiruke nje, ina kimo cha vidole vitatu tu. Haitoshi. Mtoto akiegemea nyuma, mkojo unapita juu yake na kutua sakafuni umbali wa hatua moja, na jambo hilo lilitusumbua hadi dada alipobuni njia ya kumpa kitu cha kushika mbele yake, kijiko cha mbao au kopo tupu, ili ainame kidogo. Mwenye mtoto wa kike hatakuwa na tatizo hili, ingawa huenda pua hiyo ikamsumbua mtoto anapojifunza kukaa mwenyewe kwa kurudi kinyumenyume. Kasoro ya pili ni wepesi wa chombo chenyewe. Kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa, mtoto akiinuka kwa ghafla kiti kinamfuata au kinapinduka, na mara mbili kilipinduka kikiwa na kitu ndani. Tulikata ndala iliyokatika tukapata vipande vinne, tukavigandisha kwa gundi ya viatu kwenye pembe za chini, na tangu siku hiyo hakijateleza. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa kiwandani, lakini kwa shilingi 9,000 sikuona sababu ya kulalamika sana.

Kisha ikaja baridi. Wasioishi Dodoma hutuhesabu kuwa watu wa jua na vumbi, nao hawajui asubuhi ya mwezi wa saba katika mji ulioko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, upepo unapopita chini ya mlango na plastiki inakuwa baridi kama chuma. Mtoto alikuwa amekwisha kuzoea kabisa, anakaa mara tu anapoamka, lakini wiki ya kwanza ya Julai alipogusa mdomo wa poti alipiga yowe, akakakamaa mwili mzima, akakataa. Tulijaribu kuifuta kwa maji ya moto, ikasaidia kwa dakika moja tu. Mwishowe nilikata mkono wa sweta kuukuu, nikauvisha kwenye mdomo wa kiti na kuukaza kwa ulastiki wa sketi, na ule mkono wa sweta ukawa unafuliwa kila siku mpaka Agosti ilipokwisha.

Zile siku kumi za mapumziko zilikuja kwa kosa letu, na poti haihusiki. Siku moja nilichelewa kurudi kutoka kazini Mtumba, na dada, kwa nia njema kabisa, alimkalisha mtoto na kumshikilia mabega kwa muda mrefu akisubiri haja kubwa ambayo aliiona inakuja. Mtoto alilia, haja ikarudi. Kesho yake alipoiona poti alijificha nyuma ya pazia, na kwa siku nne hakupata choo, alipokuja kupata kilikuwa kigumu na chenye maumivu, jambo lililomfanya aogope zaidi. Nesi wa kliniki alinieleza kwamba huo ndio mzunguko wanaouogopa hasa: mtoto anaogopa, anabana, choo kinakauka tumboni, kikitoka kinauma, anabana tena. Alituagiza tuiondoe poti machoni pake kabisa, tumpe maji ya kutosha, papai na uji usio mzito, tumrudishie pampasi bila kumkemea, kisha tuanze upya akiwa mchangamfu. Siku ya kumi na moja tuliirudisha, tukaiweka tu uani kama kigoda, na yeye mwenyewe akaiendea akiwa amevaa nguo zake zote. Tangu hapo kanuni ya nyumba ni kwamba hakai zaidi ya dakika tano, na akisema kwa mwili wake kwamba hataki, anainuliwa.

Nimeulizwa sana kuhusu usafi, na hapa ndipo poti hii inapostahili sifa kubwa kwa watu wa huku. Mgao wa maji mtaani kwetu unaweza kuleta maji mara mbili kwa wiki, mengine yote yanatoka kwenye simtanki, na kila ndoo ina hesabu yake. Bakuli la ndani ni laini, halina kona wala michirizo ya mapambo, hivyo kopo moja la maji na sabuni kidogo linatosha kulisafisha baada ya haja kubwa, wakati nepi ya kitambaa iliyochafuka ilikuwa inakula ndoo nzima na zaidi. Tatizo ni chumvi. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi inayojulikana hata kwenye birika la chai, na ikikutana na mkojo ndani ya bakuli hutengeneza ukoko mweupe wa kukwaruza ambao brashi haiutoi na ambao hubaki na harufu. Usiparuze kwa mchanga wala sufi ya chuma, maana ukishaharibu ule ulaini wa plastiki uchafu utapata pa kujishikiza daima. Mimi hukamua ndimu mbili kila Jumamosi, nikaacha maji yake ndani kwa nusu saa, ukoko unalegea na kutoka kwa kitambaa.

Kuhusu kilichomo ndani ya bakuli, bado wapo watu wazima wanaoamini kwamba choo cha mtoto mdogo hakina madhara, na wanakimwaga nyuma ya nyumba au kwenye shimo la taka. Mama mkwe, ambaye amekulia wilaya ya Kongwa, hana mzaha na jambo hilo, kwa sababu Kongwa imejulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa wa vikope, na nzi wanaoueneza kutoka jicho hadi jicho huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, kiwe cha mtu mzima au cha mtoto. Amewahi kuwafumba macho kwa mkono wake jamaa zake wawili waliokufa wakiwa vipofu, kwa hiyo akimwona mtu amebeba bakuli la poti kuelekea jalalani anamrudisha. Linamwagwa chooni, mikono inanawiwa kwa sabuni, na mikono ya mtoto pia inanawiwa, kwani hakuna mtoto wa miezi 15 asiyegusa alichokizalisha.

Hesabu ya fedha ni rahisi. Pampasi zilikuwa tano kwa siku, na duka la mtaani linauza moja shilingi 500, kwa hiyo tulikuwa tunatupa 75,000 kila mwezi wa siku 30, tena kutupa kwa maana halisi kwa sababu zote zinaishia kwenye mfuko wa taka. Sasa inatumika moja ya usiku, sawa na 15,000. Sikupata nafuu hiyo mwezi wa kwanza. Machi na Aprili tulikuwa tunadaka labda nusu ya mikojo, nusu nyingine iliishia kwenye mkeka, kwenye mgongo wa dada na, mara moja, kwenye begi la kompyuta la baba yake. Mabadiliko ya kweli niliyaona karibu na miezi 14, alipoanza kushika kiuno cha suruali na kusema “sss” yeye mwenyewe, ile sauti ya bibi yake, akiwa bado hajui kusema maji. Kwa miezi miwili sasa amechafua nguo mchana mara chache sana, nyingi zikiwa siku alizokuwa na homa au wageni walipojaa nyumbani akasahauliwa.

Usiku sijajaribu na sitajaribu karibuni. Kibofu cha usingizini kina ratiba yake ambayo mazoea ya mchana hayawezi kuiharakisha, na kukojoa kitandani mpaka umri wa miaka mitano hakuhesabiwi kuwa ugonjwa. Safarini pia poti hii haifai, maana haikunjiki wala haiingii kwenye begi, na ukipanda nayo basi la Kibaigwa pale stendi ya Nzuguni kila abiria atakutazama. Tukiwa njiani narudi kwenye mkao wa bibi, kando ya gari, miguu yangu ikivumilia inavyoweza.

Ningeipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano imeondoka na mshikio wa bakuli. Umeunganishwa kwa shingo nyembamba mno kwa chombo kinachobebwa kikiwa kimejaa mara nane kwa siku, na mwezi wa Oktoba ulipasuka dada akiwa mlangoni pa choo. Nililirudisha bakuli dukani nikiomba ninunue jingine peke yake, muuzaji akacheka, akasema vitu hivi havitenganishwi, mama, chukua poti nzima kwa 10,000. Sikuchukua. Baba yake alizungusha mara tatu ule waya mwembamba wa kufungia nondo mahali palipopasuka, akakunja ncha zake kwa ndani zisimchome mtu, na mpaka leo asubuhi ulikuwa bado umeshika.